Neno Nililolilainisha

Kazi ya ukalimani niliianza kwa kuchekwa na wazee wenye ndevu, benchi nzima, na mpaka leo nikikumbuka siku hiyo nacheka peke yangu jikoni. Nyinyi vijana mnaotaka kuifanya kazi hii ya kupatanisha watu, mnaokuja kwangu na madaftari mapya, acheni niwasimulie. Nikianza sishikiki, kwa hivyo anayetaka chai aimimine sasa.

Kisomali nilikijua tangu utotoni. Miaka ya sitini baba yangu alikuwa dereva wa lori kule kaskazini mashariki, na mama alikuwa akiuza mboga. Kila asubuhi aliniacha kwa jirani yetu, Eedo Halima. Eedo kwao ni shangazi. Nilikula kwake, nikalala mchana kwenye mkeka wake pamoja na watoto wake, nikagombezwa kama wao. Siku za vita vya shifta, wale wapiganaji wa mpakani, zilipozidi kuwa mbaya, baba alitupakia kwenye lori na vyombo vyetu, tukarudi kwetu Migwani, Kitui. Nilirudi na lugha nzima kichwani bila kujua kwamba ni mali. Ila ilikuwa lugha ya mtoto wa miaka tisa aliyelelewa na mwanamke mwenye watoto wengi.

Sasa mnaweza kufikiria. Miaka kumi na kitu baadaye nilikuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi moja ya serikali. Wakaja wazee wa Kisomali, wafanyabiashara wa mifugo, wana malalamiko yao, na hakuna mtu wa kuwaelewa. Nikasimama kifua mbele. Nilitaka kuwaambia, "Karibuni wazee wetu, ketini, tulieni, chai yaja." Kumbe kwa maneno niliyokuwa nayo, niliwaambia hivi: "Haya, njooni hapa. Kaeni chini. Nyamazeni. Msilie, uji unakuja."

Halafu yule mkubwa wao, mwenye ndevu za hina, akaanza kutikisika mabega. Alicheka mpaka akajipangusa macho kwa kitambaa cha begani.

"Binti," aliniuliza, "wewe ulilelewa na nani?"

"Eedo Halima, mzee."

"Alikulea vizuri. Basi tumenyamaza. Lete huo uji."

Nilitoka pale nikiwa na aibu, lakini pia na kitu kingine ambacho sikuwa nacho nikiingia. Nilikuwa nimeona watu wazima waliokuja na hasira wakiketi kwa neno langu. Moyo ulinienda mbio kama wa msichana aliyeposwa. Taipu ikaanza kunichosha kutoka siku hiyo.

Aliyenifanya mkalimani hasa ni Karani Mulwa. Alikuwa mkalimani wa mahakama miaka mingi, akastaafu akarudi kwao Nunguni kulima viazi. Kamati ya amani, iliyokuwa na watu wa makanisa na wa msikiti, ilisikia habari zangu ikamwomba aje anifunze. Aliteremka kutoka kule kwenye baridi hadi kazini kwangu mashariki ya Kitui, mahali ambapo hata mbuzi hutafuta kivuli saa nne asubuhi, akiwa amevaa sweta mbili na koti. Hakuvua hata moja kwa wiki nzima. Alisema mtu akivua sweta safarini huisahau.

Somo lake la kwanza lilikuwa hili. Mtu akisema "mimi nina njaa," usiseme "anasema ana njaa." Sema, "mimi nina njaa." Kopa mdomo wake. Niliona ni jambo dogo, lakini lijaribuni. Siku utakayosema "mimi nimefiwa" mbele ya watu, kwa sauti yako, kuhusu mtoto wa mtu mwingine, utajua ni dogo au si dogo.

Somo la pili: kaa katikati, usikae upande wa kabila lako, na usiwe karibu na mwenye cheo. La tatu: usinywe chai ya maziwa kabla ya kazi, inaziba koo. Maji tu. La nne aliliambatanisha na kidole usoni mwangu: "Ndinda, usilainishe. Mtu akitukana, tukana. Akilia, ngoja amalize. Ukianza kuongeza sukari kwenye maneno ya watu, hiyo si kazi tena, umefungua hoteli."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mambo ya vyombo yalibadilika sana, hayo nitayapitia mbio. Zamani tuliandika mapatano kwenye karatasi, wazee wakaweka vidole gumba vya wino, karatasi ikafungiwa kwa sanduku, mchwa wakaila pamoja na amani yenyewe. Miaka ya tisini wageni walituletea rekoda ya kaseti. Tuliifurahia kweli. Katika mkutano wa kwanza tukamrekodi mbuzi saa nzima, kwa sababu mtu aliiweka dirishani na mbuzi alikuwa amefungwa nje, na maneno ya wazee yakabaki mbali kama ya watu walio kisimani. Njia iliyodumu ilikuwa ya bure: kila upande urudie kwa mdomo wake mwenyewe yale ambayo upande wa pili umeahidi, mbele ya akina mama. Mwanamke aliyesikia ahadi haliwi na mchwa.

Lakini mlikuja kusikia habari ya silanga. Naona mnavyosogeza viti.

Jina la mahali sitalitaja, kwa maana wahusika wana wajukuu, na majina yao nimeyabadilisha. Silanga ni bwawa letu la kuchimba kwa mkono, la kukinga maji ya mvua. Kila kiangazi linajaa tope, na vijana wanashuka na majembe na makarai kulizoa kabla mvua haijarudi. Mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya themanini, kiangazi kilikuwa kirefu sana. Wafugaji wa Kisomali walisogea na ngamia wao hadi mashambani kwetu, kwa maana kwao hakukuwa na tone. Siku moja kijana mmoja wa kwetu, Kilonzo, alikuwa ndani ya silanga akizoa tope. Akafika kijana wa kwao, Hassan, na ngamia wa baba yake waliokaa siku nyingi bila maji. Wakashikana maneno. Hassan alimpiga Kilonzo kichwani kwa fimbo yake ya kuchungia. Kilonzo hakufika zahanati.

Kabla wiki haijaisha, mdogo wake Hassan, kijana aliyeitwa Yusuf, alikwenda kutafuta ngamia aliyepotea. Walimkuta amekufa kando ya njia. Hakuna aliyesema nani alifanya. Polisi walikuja, wakauliza, wakaandika, wakarudi. Upande wetu hakuna aliyeona kitu, na upande wao hakuna aliyemjua Hassan.

Miaka miwili ilipita hivyo. Soko la mifugo likafa. Akina mama walikwenda kuteka maji kwa makundi, na hakuna aliyelizoa tope silangani tena, kwa hivyo maji yakawa machache zaidi kwa wote. Shule iliyokuwa katikati ya pande mbili ilifungwa, kwa maana walimu walihama.

Mama yake Kilonzo aliitwa Mama Kilonzo tangu alipomzaa. Baada ya mazishi watu waliona vigumu kulitaja jina hilo, wakaanza kumwita kwa jina la binti yake mdogo. Siku moja baada ya ibada, alisimama mlangoni mwa kanisa akawaambia, "Mimi ni Mama Kilonzo. Atakayeniita vingine sitaitika." Halafu akamgeukia mchungaji. "Na huyo aliyemuua, ana mdomo? Basi nataka anieleze mwenyewe."

Ndivyo kazi ilivyoanza. Kamati ilizunguka miezi. Nilitembea na Karani Mulwa, yeye na sweta zake, tukilala kwa wenyeji, tukinywa maziwa ya ngamia na uji wa mtama, tukipeleka neno huku na kurudisha neno kule. Sijawahi kuchoka namna ile, wala kuamka na hamu namna ile. Baba yake Hassan, Mzee Abdi, alitukataa mara tatu. Mara ya nne alituuliza, "Huyo mama anataka kulipiza?"

Nikamjibu kwa mdomo wa Mama Kilonzo, kama nilivyofundishwa: "Nataka kujua mwanangu alikufaje."

Mzee akasema, "Hata mimi nataka kujua wangu alikufaje." Akamleta Hassan.

Tulikutana katika darasa la ile shule iliyofungwa, saa tatu asubuhi. Hakukuwa na viti ila madawati ya watoto wa darasa la kwanza, kwa hivyo wazee wa heshima wa pande mbili walikaa magoti yakiwa karibu na masikio. Upande wetu alikuwepo Mama Kilonzo, na baba mdogo wa Kilonzo, Shemasi Muthui, ambaye alikuwa mwanakamati tangu siku ya kwanza. Ndiye aliyefungua kwa maombi. Alikuwa na sauti nzuri ya kuomba, nzito, na siku hiyo ilikwama mara mbili. Tukadhani ni uchungu wa mtoto wa ndugu yake.

Mama Kilonzo akamwangalia Hassan. "Niambie ulichofanya."

Hassan alikuwa mwembamba, macho chini, mikono imeshika ukingo wa dawati. Alijibu kwa maneno machache, na ndani yake mlikuwa na neno dil. Sasa sikilizeni vizuri. Neno hilo kwa Wasomali wengi ni kuua. Lakini wako wengine, kulingana na walikotoka, wanaolitumia kwa kupiga. Mimi nilikuwa nimezoea kumsikia Eedo Halima akilitumia kwa watoto wakorofi, na hakumuua hata mmoja.

Nilijua Hassan alikuwa na maana gani. Sitawadanganya leo nikiwa na mvi hizi. Nilimwona uso, nikajua. Lakini niliangalia darasa lile, nikaona vijana wetu wamesimama dirishani, nikaona wa kwao wamesimama mlangoni, na moyo ukanisaliti. Nikasema kwa Kikamba, kwa sauti nzuri ya upole: "Nilimpiga mwanao."

Mama Kilonzo akasubiri. Nami nikasubiri, kana kwamba kuna kitu kingine kinakuja.

"Ulimpiga," akasema. "Hata mimi nilimpiga alipokuwa mdogo. Ni nani alimuua?"

Nikalipeleka swali hilo kwa Hassan. Kwake lilikuwa kama dharau, maana alikuwa ameshakubali, na sasa anaulizwa tena kana kwamba hakusema kitu. Akainua macho kwa baba yake. Mzee Abdi akasimama.

"Mwanangu amesema jambo ambalo hakuna mwanamume hulisema mara mbili. Mnatuchezea?"

Mama Kilonzo naye alikuwa tayari mlangoni. "Nimetembea kutoka alfajiri kuja kudanganywa," alisema. Na mkutano wa miezi yote ile ukavunjika kabla jua halijapanda.

Karani Mulwa alinikuta nyuma ya darasa nimekaa juu ya jiwe. Hakujua Kisomali hata neno moja, lakini alikuwa amekaa mahakamani miaka mingi akitazama nyuso.

"Ulifungua hoteli," akasema.

Nikalia. Nilimweleza yote. Nilitegemea anifukuze kazi, na nadhani ningefurahi akinifukuza, maana ningeenda nyumbani. Alivua miwani akaisugua kwa sweta.

"Ndinda, hawa watu tunawaomba wasimame waseme walichokosea mbele ya wale waliowakosea. Sasa wewe uko juu yao?"

"Watanipiga, mwalimu."

"Pengine," alisema. "Nitakushikia daftari."

Tukawafuata. Ilituchukua siku tatu kuwakusanya tena, na kila niliyemwomba nilimwambia jambo moja tu: mkalimani ana neno lake mwenyewe la kusema. Nadhani walikuja kwa sababu hiyo, kwa kutaka kujua. Nani amewahi kusikia mkalimani ana neno lake?

Siku hiyo sikukaa katikati. Nilisimama mbele ya ubao, nikasema kwa Kikamba, kisha nikarudia kwa Kisomali, nikihakikisha hakuna tofauti ya hata unyoya: "Mimi Ndinda nimewakosea. Hassan alisema ukweli. Mimi niliuogopa nikaugeuza. Mama Kilonzo, hukudanganywa na Hassan, ulidanganywa na mimi. Mzee Abdi, hukuchezewa na Mama Kilonzo, ulichezewa na mimi."

Nikashika ubao, na chaki ikanijaa mkononi. Mama Kilonzo alinitazama.

"Kwa nini ulifanya hivyo, mwana wakwa?"

"Niliogopa watu watauana, mwaitu." Mwana wakwa kwetu ni mwanangu, na mwaitu ni mama.

"Na sasa huogopi?"

"Naogopa zaidi."

Kitu fulani kikalegea mle darasani. Mzee wa ndevu za hina, yule yule aliyenicheka ofisini, aliyekuwa amekuja na upande wa Mzee Abdi, akasema kwa lugha yake, "Mtoto wa Halima amekua." Kisha kila mtu akakaa kwenye yale madawati madogo, na nikarudi katikati.

Mama Kilonzo akauliza tena. Hassan akajibu tena, na mara hii nilikopa mdomo wake wote: "Mimi ndiye niliyemuua mwanao."

Mama Kilonzo alifumba macho, akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea mzigo aliojua uzito wake. Kisha akauliza lile swali ambalo alikuwa amelibeba miaka miwili.

"Alisema nini mwisho?"

"Alisema neno ambalo silijui," Hassan alijibu. "Nilifikiri ananitukana. Alikuwa ameinua jembe, akanipigia kelele neno moja mara mbili. Ngamia walikuwa wanakufa. Nikampiga."

"Neno gani?"

Hassan alilisema. Miaka miwili alikuwa amelihifadhi jinsi lilivyo, bila kujua maana yake. "Eteela," akasema. "Eteela vanini."

Upande wetu wote uliguna kwa pamoja. Mama Kilonzo hakuhitaji mkalimani. Aliyehitaji ni Hassan, na ilikuwa zamu yangu, na nawaambia katika miaka yote ya kazi hii sijawahi kutafsiri kitu kizito kuliko kile. Nilimwambia: "Ni Kikamba. Alikuambia, subiri. Subiri kidogo."

Kilonzo hakuwa amewanyima maji. Alitaka amalize kuzoa tope ngamia wasizame. Na jembe aliliinua kuonyesha kazi iliyobaki.

Hassan aliweka paji la uso juu ya lile dawati la watoto. Mabega yalimtikisika. Baba yake alimwekea mkono mgongoni. Karani Mulwa akanionyesha kwa kidole: kunywa maji, ngoja.

Ndipo Shemasi Muthui aliposimama. Nilidhani anataka kuomba. Alikuwa amekunja kofia yake mpaka imekuwa kama kitambaa cha kuoshea vyombo.

"Mzee Abdi," alisema kwa Kikamba, bila kunitazama, "mtoto wako Yusuf niliyemuua ni mimi. Hakuwa na fimbo. Alinisalimia."

Nawaambia vijana, hapo ndipo nilipojua kama nimejifunza au sijajifunza. Yule alikuwa shemasi wetu. Nilimjua mke wake, watoto wake walinipita njiani wakaniamkia. Kwa nusu pumzi tu niliona yale maneno laini yamejipanga tayari mdomoni mwangu. Nikayameza. Nikamtazama Mzee Abdi usoni, nikasema kwa Kisomali safi: "Mtoto wako Yusuf niliyemuua ni mimi. Hakuwa na fimbo. Alinisalimia."

Mzee Abdi alishika ukingo wa dawati likalia. Vijana wake mlangoni walipiga hatua. Yeye akainua kiganja bila kugeuka, wakasimama.

"Miezi yote hii umekuja kwangu na kamati," alimwambia Muthui taratibu. "Umekula kwangu."

"Nimekula."

"Mbona unasema leo?"

Shemasi alionyesha mahali nilipokaa. "Huyu msichana alisema lake na hakufa. Na huyu mtoto wako amelia. Mimi sijalia."

Mkutano uliendelea mpaka jua likapinda. Kulikuwa na hasira, kulikuwa na watu waliotoka nje kupumua na kurudi. Mke wa Muthui alipiga mayowe. Lakini hakuna aliyeondoka, na hilo ndilo lilinifanya nijisikie kama nimemeza umeme. Mwishoni kila mama na baba aliulizwa anataka nini. Mzee Abdi alitaka aonyeshwe mahali hasa Yusuf alipoanguka, ili amwombee pale. Muthui alimpeleka kwa miguu, wao wawili na sisi nyuma kwa mbali. Mama Kilonzo hakutaka ngamia wala mbuzi. Alisema, "Hassan amalize ile kazi. Kila kiangazi aje azoe tope, mpaka silanga ijae maji."

Mtauliza, na serikali je? Hatukuificha. Siku ya tatu wote wawili walikwenda kituoni wenyewe, wameongozana, wakaandikisha. Kesi ilichukua muda mrefu. Nilikalimani pale pia, na ilikuwa ajabu kwangu baada ya lile darasa, maana mahakamani kila mtu alimwambia hakimu na hakuna aliyemwambia mwenzake. Siku ya kutoa maneno ya waliofiwa, Mama Kilonzo alimwombea Hassan, na Mzee Abdi akamwombea Muthui. Hakimu alivua miwani, akauliza kama amesikia sawasawa. Nikamhakikishia hakuna nilichoongeza. Aliwafunga, lakini si miaka mingi kama ambavyo angeweza.

Soko lilirudi polepole, kwanza mayai na tumbaku, halafu mbuzi, halafu lori zima la ng'ombe. Watu wa utafiti kutoka kituo cha kilimo cha Kiboko walitupa mbegu za nyasi za kupanda kando ya silanga. Shule ikafunguliwa. Karani Mulwa alirudi kwenye viazi vyake, na kila mwaka alinitumia gunia moja kwa basi, likiwa na karatasi ndani: "Bado hakuna sukari?" Nilimjibu kila mara, "Bado, mwalimu." Alipofariki nilikwenda Nunguni kumzika, nikaelewa zile sweta. Kule kuna baridi ya kuuma meno.

Hassan alipotoka gerezani, kilikuwa kiangazi. Nilipata habari kwamba atakwenda silangani Jumatatu kuanza kazi yake, na Mama Kilonzo atakuwepo. Ingekuwa mara ya kwanza wakutane bila kamati. Nilijiambia, bila mimi watakosana kwa neno la kwanza. Nikaacha nguo kwenye beseni, nikadandia lori la mchanga, nikashuka barabarani nikakimbia sehemu iliyobaki, mwanamke mzima na mkoba wangu na daftari langu.

Nilifika ukingoni nikasikia sauti. Hassan alikuwa chini amezama kwenye tope hadi magotini, anachimba. Mama Kilonzo alikuwa juu, anapokea makarai. Walikuwa wakizungumza, kwa Kikamba.

Si Kikamba cha kawaida. Kilikuwa Kikamba cha kanisani, kile cha maombi, chenye heshima ndefu kila baada ya neno, na sauti inashuka mwishoni kama ya mtu anayefunga ibada. Nilitambua mara moja kilikotoka. Yeye na Shemasi Muthui walikuwa wamefungwa gereza moja, na miaka yote ile shemasi hakuwa na mtu mwingine wa kumfundisha. Muthui mwenyewe, nilikuja kuambiwa, alitoka akijua kuomba maji, kusalimia na kuomba msamaha kwa Kisomali.

"Mwaitu," Hassan alikuwa akisema, "nakusihi unipokee karai hili kwa mikono yako yote miwili."

"Sema tu, shika," alimjibu Mama Kilonzo. "Wewe unaongea kama unataka nitoe sadaka."

Nilisimama pale juu nikipumua kwa nguvu, mdomo wazi, daftari mkononi. Maneno yalipita mbele yangu, yakaenda na kurudi, na hakuna hata moja lililonihitaji. Nilitafuta ndani yangu kama nimeumia. Badala yake nilikuwa na furaha iliyonijaa mpaka kooni, nikakosa la kufanya na mikono yangu.

Mama Kilonzo aligeuka akaniona.

"Ndinda, umekuja kufanya nini?"

"Nilikuja kutafsiri, mwaitu."

Alimtazama Hassan, akanitazama mimi, akatazama tope lililobaki.

"Hakuna kazi hiyo hapa," akasema. "Weka mkoba. Chukua karai."

Nikavua viatu.